SOMO: Mtoto kanywa sumu, utajuaje hali ni mbaya kiasi gani

Wakuu, kwanza acheni kumtia mtoto vidole kooni atapike. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaingia mapafuni, na asidi iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda.

1. Pumzi, hata kabla hujauliza kanywa nini. Mfunue kifua, mbavu zinabonyea ndani akivuta hewa? Midomo imekuwa ya bluu? Hapo hakuna cha kupima tena, kimbia hosp.

2. Fahamu. Yuko macho, anaitika ukimwita, anaitika ukimfinya tu, au haitiki kabisa. Kuanzia la tatu usimpe kitu mdomoni hata maji, mlaze kwa ubavu. Degedege nayo moja kwa moja ni hali mbaya.

3. Mboni ndogo kama ncha ya sindano, mate yanachuruzika, jasho, anaharisha, hiyo ni picha ya dawa ya wadudu. Mvue nguo zote umwoshe kwa sabuni, na wewe vaa glavu maana inapita kwenye ngozi.

4. Hapa ndo wengi wanapigwa, mtoto anacheza wanasema kapona. Kanywa nini, kiasi gani, saa ngapi, ana kilo ngapi? Paracetamol siku ya kwanza anaweza asionyeshe chochote, ini linakuja kuharibika siku ya pili ya tatu huko, wakati dawa ya kuliokoa inafanya vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kuanzia mg 150 kwa kilo mpeleke, yani wa kilo 10 ni vidonge 3 tu vya mg 500. Vidonge vya kuongeza damu navyo vina utapeli wake, anatapika, anatulia masaa kadhaa, halafu anaporomoka ghafla. Hesabu vilivyobaki, visivyoonekana chukulia kameza vyote, na chupa uende nayo.

MASWALI

– Wangu kanywa mafuta ya taa akakohoa kidogo, sasa yuko fresh, nisubiri?
Usisubiri, kikohozi maana yake huenda yashafika mapafuni. Hata asiyekohoa anaangaliwa kama saa 6 hivi.

– Mkaa je?
Wa jikoni hapana. Ule wa dawa unatolewa hosp, hasa ndani ya saa 1, na kwa mafuta ya taa, asidi na vidonge vya damu hausaidii.

– Kameza betri ndogo ya duara ila hana dalili yoyote
Nenda sasa hivi mkuu, ikinasa kooni inaunguza ndani ya saa 2. Waambie betri, wapige eksirei.