Kabla ya Kuomba Homoni: Namna ya Kujiandaa Hedhi Inapokaribia Kukoma

Mwanamke wa miaka 48 akiamka usiku wa manane shuka limelowa jasho, wa nyumbani watamwambia ni malaria, naye huenda akatuma mtoto duka la dawa. Apimwe kwanza katika kituo cha afya, kwa sababu jasho la usiku huletwa pia na kifua kikuu na VVU, na yote hayo yana vipimo. Joto la kukoma hedhi huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, likadumu dakika chache kisha likaacha baridi, ilhali kipimajoto hakionyeshi homa.

Vipimo vikiwa safi, aandike daftarini kwa wiki kadhaa: tarehe za hedhi, joto linapomjia, usingizi, maumivu ya viungo, na ukavu wa uke, ambao wengi huona haya kuutaja. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, ingawa anayechoma sindano ya uzazi wa mpango hawezi kutegemea hesabu hiyo. Aliyepita miaka 45 kwa kawaida hahitaji kulipia kipimo cha homoni. Dalili zake zinatosha.

Mbele ya daktari, akiomba homoni za kutuliza dalili hizo, jambo la kwanza kueleza ni kama bado ana mfuko wa uzazi. Aliye nao hupewa homoni mbili za kike, estrojeni pamoja na projesteroni, kwani estrojeni peke yake huongeza hatari ya saratani ya mfuko huo. Aeleze pia kama amewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda mishipani, kiharusi, ugonjwa wa moyo au wa ini, na ataje dawa zote anazomeza: rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU hupunguza nguvu ya homoni. Faida huzidi hatari hasa kwa walio chini ya miaka 60, au ambao hedhi yao haijapitisha miaka 10 tangu ikome. Plasta ya homoni ya ngozini haigandishi damu kama vidonge, na kwa ukavu wa uke peke yake krimu ya estrojeni ya ukeni inatosha.

Vidonge vya uzazi wa mpango alivyobakiza binti yake si mbadala, kwa kuwa vingi vina homoni kali zaidi. Wala tiba hii ya homoni za kukoma hedhi haizuii mimba.

Arudi kwa daktari baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Damu ikitoka baada ya mwaka mzima wa ukimya, aende kuchunguzwa mara moja, hata ikiwa ni tone.