Weka kiti cha lori sawa kabla mtikisiko haujala mgongo wako

Madereva wengi tukiumwa kiuno tunalaumu kukaa muda mrefu. Ni kweli, ila tunasahau mtikisiko unaopanda kutoka barabarani hadi kwenye pingili za mgongo, saa baada ya saa.

Hatua ya 1: Anza chini ya gari. Shokapu inayovuja au tairi lililojazwa upepo kupita kiasi vitakushinda hata ukikalia kiti cha bei gani. Upepo upime asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Hatua ya 2: Rekebisha kiti kwa uzito wako, si wa mwenzako aliyekupokeza gari. Washa injini, subiri mitungi ya upepo ijae, kisha kaa na uzito wako wote. Pandisha kiti hadi mwisho, shusha hadi mwisho, kiache katikati. Jirushe kidogo: kikigonga chini, ongeza upepo, kikikaza bila kucheza, punguza. Wapo wanaokipandisha hadi juu kabisa ili watazame magari madogo kwa dharau. Hapo kiti hakina tena nafasi ya kucheza, umekalia chuma.

Kama kiti chako si cha upepo, usikimbilie godoro laini. Sponji laini hubonyea na kukurusha, na mtikisiko mzito wa rafu rodi (barabara mbovu) huweza hata kuongezeka.

Hatua ya 3: Kanyaga klachi hadi mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Toa pochi mfuko wa nyuma. Vioo viweke mwisho, ukiwa umenyooka. Jioni ukiona kioo "kimeshuka", usikiguse, nyanyuka wewe.

Hatua ya 4: Punguza mwendo kwenye rafu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2002 inamtaka mwajiri achukue hatua mtikisiko ukizidi mita 0.5 kwa sekunde mraba (kipimo cha ukali wa mtikisiko) kwa siku ya saa 8. Mtikisiko ukiwa maradufu, kiwango hicho unakifikia kwa saa 2 tu, si 4. Ndiyo maana kipande kifupi cha barabara mbovu kinaumiza kuliko lami ndefu.

Hatua ya 5: Ukifika usiruke kutoka kebini, wala usivute turubai papo hapo. Tembea kwanza dakika chache.

Ganzi ikiingia sehemu za siri, mguu ukikosa nguvu au mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, paki gari, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usianze na mchua misuli.