Kukadiria umri wa chembe ya maada ya giza inayooza

Ukibuni modeli ya maada ya giza (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa graviti yake) ambayo chembe zake huoza, hesabu kwanza chembe yako inaishi muda gani. Modeli nyingi hufia hapo. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8, sawa na sekunde 4.4 × 10¹⁷ hivi, lakini kuupita umri huo hakutoshi. Chembe nzito ikioza na kutoa kwaki (chembe zinazounda protoni) au elektroni, vipimo vya miale ya gama vinadai iishi zaidi ya sekunde 10²⁶ hivi. Mazao yasiyoonekana hulegeza sharti, ila hata hapo umri wa ulimwengu unapaswa kuzidishwa zaidi ya mara kumi.

Chukua tungamo la chembe, m, na nishati M ya fizikia inayoiozesha, vyote kwa GeV (giga-elektronivolti, kipimo cha nishati). Opereta, yaani sehemu ya milinganyo inayosababisha kuoza, ikiwa ya daraja la 5 (daraja likiwa kubwa, kuoza hudhoofika), umri ni takriban 8πM²/m³. Ikiwa ya daraja la 6, ni 8πM⁴/m⁵. Jibu zidisha kwa 6.58 × 10⁻²⁵ upate sekunde. Hatua hii husahaulika mno.

Weka m = 1000 na M = 2 × 10¹⁶. Daraja la 6 linakupa sekunde 2.6 × 10²⁷: salama. Daraja la 5 linakupa sekunde 7 tu! Chembe inakwisha kabla viini vya heli havijaumbwa. Kwa hiyo lazima kuwe na simetria inayokataza daraja la 5, na afadhali iwe ya geji, yaani ya aina inayoambatana na nguvu ya msingi kama ile ya umeme, kwani simetria nyingine zinashukiwa kuvunjwa na graviti. Hata ukipandisha M hadi 2.4 × 10¹⁸, kipimo cha Planck (nishati ambapo athari za kikwantamu za graviti huwa kubwa), unapata kama siku moja.

Njia nyingine ni kupunguza m. Nyutrino tasa, yaani nyutrino ya kubuniwa isiyohisi nguvu za kawaida ila graviti, yenye keV 7 (kilo-elektronivolti; GeV moja ni keV milioni moja) huoza polepole sana, ikatoa nyutrino ya kawaida na fotoni (chembe ya mwanga) ya keV 3.5, zikigawana nishati nusu kwa nusu. Mstari wa eksirei wa nishati hiyo uliripotiwa mwaka 2014 kwenye makundi ya galaksi, lakini setilaiti ya Hitomi haikuuona katika kundi la Perseus.

Unapotabiri mwanga, jumlisha msongamano wenyewe kwenye mstari wa kutazama, si mraba wake. Mraba ni wa chembe zinazoangamizana mbili mbili. Ukiutumia hapa, kitovu cha galaksi kitang'aa kupita kiasi.