Kuhamia ughaibuni na mtoto mchanga: soma namba kabla ya kutumia

Mzazi anayehamia nje na mtoto mchanga huwaza sana baridi na lugha. Hayo ni ya kweli, lakini hatari kubwa hujificha kwenye vitu anavyodhani tayari anavijua: chupa ya dawa ya homa, kopo la maziwa, kadi ya kliniki, soketi ya ukutani. Kwa macho ni vilevile. Namba zilizoandikwa juu yake ndizo hubadilika.

Makaratasi

Cheti cha kuzaliwa kinahitaji uthibitisho unaokubalika huko uendako. Nchi mbili zikiwa zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, muhuri mmoja uitwao apostile kwa kawaida hutosha. Ikiwa moja haimo, cheti hupitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozini, kwa hiyo anza mapema. Kama kinatakiwa kutafsiriwa, uliza kwanza kama tafsiri ifanywe baada ya muhuri, maana ofisi nyingine hutaka hata maneno ya muhuri yatafsiriwe. Linganisha jina la mtoto herufi kwa herufi kwenye cheti, pasipoti na viza. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyosainiwa mbele ya wakili.

Kadi ya kliniki ipigwe picha kila ukurasa. Mwombe muuguzi aandike jina kamili la kila chanjo, na mwezi auandike kwa maneno: 04/07 husomwa Marekani kuwa tarehe 7 Aprili, na chanjo iliyotolewa Julai itaonekana imetolewa miezi mitatu kabla ya wakati wake. Hakikisha BCG, chanjo ya kifua kikuu, imeandikwa. Nchi kadhaa hazimpi kila mtoto chanjo hiyo, na mtoto aliyeipata anaweza kuvimba ngozi akipimwa kifua kikuu kwa sindano ya mkononi ingawa haumwi. Mwonyeshe daktari kovu la chanjo na umuulize kuhusu kipimo cha damu. Surua nayo: nchi kadhaa huhesabu dozi iliyotolewa kuanzia miezi 12 tu, kwa hiyo aliyechanjwa akiwa na miezi 9 huenda akarudiwa. Kurudiwa huko hakumdhuru.

Kwenye ndege, mnyonyeshe au mpe chupa wakati wa kupaa na wakati wa kushuka, kwa sababu kumeza husawazisha hewa masikioni. Ndege ndefu huanza kushuka karibu nusu saa kabla ya kutua. Usimshibishe mapema, atakataa titi pale hasa masikio yanapombana.

Dawa ya homa

Hapa tunaomba usome taratibu. Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 80 hadi 120 kwa mara moja.

Sasa tazama chupa. Iliyoandikwa 120 mg/5 ml, mililita 5 zinampa miligramu 120, sawa kabisa. Iliyoandikwa 160 mg/5 ml, mililita 5 hizohizo tayari zimezidi. Ipo pia dawa ya matone yenye 100 mg kwa kila mililita 1. Ukimpa mililita 5 za hiyo kwa mazoea ya chupa ya zamani, amekunywa miligramu 500, zaidi ya mara nne ya kiwango chake cha juu, na ini ndilo linaloumia.

Kwa hiyo mpime uzito, soma miligramu kwa mililita, piga hesabu, kisha mwombe mfamasia aihakiki. Pima kwa bomba la plastiki linalokuja na dawa hiyo, kamwe si kijiko cha chai. Bandika karatasi kwenye chupa yenye idadi ya mililita na uzito wa mtoto siku hiyo. Akiongezeka, hesabu upya. Aliye chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, usimpe dawa ukasubiri. Mpeleke hospitali wakati huohuo.

Vitamini D ina mtego uleule. Anayenyonya titi huhitaji mikrogramu 10 kwa siku, yaani vizio 400 (kwenye chupa huandikwa IU), na kwenye nchi za jua hafifu ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi. Chupa moja hutoa vizio 400 kwa tone 1, nyingine kwa mililita 1. Soma.

Maziwa ya kopo

Vijiko vya kopo havilingani. Kampuni moja huweka kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, nyingine kwa mililita 60. Ukitumia kijiko cha kopo la zamani kwenye unga mpya, maziwa yanaweza kuwa mazito maradufu: choo kigumu, kiu, figo zinachoka. Yakiwa mepesi mno, mtoto haongezeki uzito, na chumvi ya damu ikishuka sana anaweza kupata degedege. Kopo likiisha, kijiko chake kitupwe nalo.

Chemsha maji, yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30 ili yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi. Mimina maji kwanza, ndipo uweke unga uliosawazishwa kwa kisu safi. Tikisa, poza chupa chini ya bomba, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Wengi huacha kuchemsha wakisikia maji ya bomba ya huko ni salama. Maji yanaweza kuwa salama kweli, lakini unga wenyewe una vijidudu wakati mwingine, na joto hilo ndilo linaloviua. Yaliyobaki baada ya saa 2 yamwage.

Ukibeba kichemshia chupa au pampu ya maziwa, tafuta neno INPUT. Ikiandikwa 100–240V, adapta ya plagi inatosha. Ikiandikwa 220–240V tu, kwenye nchi ya volti 120 hakitapasha vya kutosha na vijidudu vya kwenye chupa havitakufa ingawa chupa zitaonekana zimefuka mvuke.

Baridi, gari na usingizi

Koti nene halifungwi ndani ya mkanda wa kiti cha gari. Gari likigonga, koti linabonyea, mkanda unalegea, mtoto anachomoka. Mvue, mfunge, bana mkanda begani kwa vidole viwili: ukishika mkunjo, umelegea. Kisha mfunike blanketi juu ya mikanda. Kiti kitazame nyuma, na kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Usiku alale chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto wala blanketi zito, chumba kikiwa na nyuzi 16 hadi 20. Gusa kifua au shingo kujua kama ana joto. Mikono ya watoto huwa baridi hata wakiwa sawa. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani kwa hali yoyote. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu na huua familia nzima usingizini.

Wiki ya kwanza

Tafuta uthibitisho wa anwani kwanza, maana benki, bima na daktari hukuuliza huo. Uliza bima ya mtoto inaanza tarehe gani. Jifunze namba ya dharura: 112 Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, na ujizoeze kutamka anwani yako kwa lugha ya huko. Kliniki, omba mkalimani, kwani hospitali nyingi wanaye. Jirani anayejua lugha kidogo asitafsiri vipimo vya dawa.

Mama naye aangaliwe. Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2. Yakiendelea, au usingizi ukikataa hata mtoto akiwa amelala, huo ni ugonjwa unaotibika, na upweke wa ugenini huuongeza. Kama hana daktari wake bado, amwambie anayemchanja mtoto, siku hiyohiyo.