Kufuatilia Habari na Matukio ya Chuo Kikuu cha Malimbe, Mwanza, Ukiwa Ughaibuni

Kila ifikapo Julai, simu zetu sisi tunaoishi nje huanza kupokea ujumbe kutoka nyumbani: matokeo ya kidato cha sita yametoka, dirisha la udahili limefunguliwa, ada inatakiwa, mdogo wako anasubiri jibu. Kwa familia nyingi za Mwanza ujumbe huo huishia kwenye jina moja, Malimbe, ambako kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, kwa kifupi SAUT, takribani kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji, kwa kutumia barabara iendayo Shinyanga. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayemsomesha mtoto, mdogo wake au mpwa wake pale, huku yeye yupo Kanada, Uingereza au Marekani, na angependa kuzipata habari za chuo kabla siku yenyewe haijapita.

Nianze na jina, kwa sababu limewahi kuwachanganya wengi. SAUT ilianzishwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania mwaka 1998, ikitokana na kituo cha mafunzo ya jamii kilichokuwapo Nyegezi tangu mwaka 1960, na ndiyo maana wazee wetu hadi leo husema "anasoma Nyegezi" wakimaanisha chuo hicho. Lakini Nyegezi kuna pia chuo cha uvuvi, kilicho chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Baba mkubwa akikupigia na kukwambia kwamba kijana amepata nafasi Nyegezi, mwombe akutumie picha ya barua ya udahili kabla ya jambo lingine lolote, kwani kalenda, ada na akaunti za taasisi hizo mbili hazihusiani hata kidogo. Vivyo hivyo Bugando ni jina la hospitali ya rufaa iliyo juu ya kilima na pia ni jina ambalo watu hulitumia kwa chuo kikuu cha afya kilichopo hapo hapo.

Jambo la kwanza la kuomba, na la kulitunza kuliko mengine yote, ni almanaki ya mwaka wa masomo. Hii ni hati fupi inayotaja siku ya wanafunzi wapya kuripoti, mwisho wa usajili, wiki za mitihani, likizo na siku ya mahafali, na karibu kila tangazo litakalotolewa baadaye huwa ni ufafanuzi wa kitu ambacho tayari kimo humo. Vyuo vikuu vya Tanzania kwa kawaida hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba, na vingi hufanya mahafali kati ya Novemba na Desemba, yaani msimu wa vuli, wakati mvua za Mwanza zinapoanza kunyesha. Ukiwa na almanaki mkononi mwezi Oktoba, unaweza kuomba likizo kazini mapema na kukata tiketi kabla bei za Krismasi hazijapanda. Ukisubiri kuambiwa na ndugu, utaambiwa wiki mbili kabla, na wiki mbili hazimtoshi mtu mwenye mwajiri na watoto wa shule.

Habari nyingine hutufikia kwa WhatsApp, na hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu sana. Tangazo halali la chuo huwa na kichwa cha barua chenye nembo, kumbukumbu namba, tarehe ya kutolewa, na cheo cha aliyelisaini. Picha inayozungushwa kwenye makundi ya ukoo mara nyingi imekatwa juu na chini, na kilichokatwa ndicho hasa ulichokihitaji. Ipo njia rahisi ya kulipima tangazo lililopoteza mwaka wake: linganisha jina la siku na tarehe. Tangazo linalosema "Jumatatu, tarehe 21 Oktoba" ni la mwaka 2024, kwa kuwa mwaka 2025 tarehe hiyo ilikuwa Jumanne. Nimewahi kuona familia ikikopa fedha usiku kucha kwa ajili ya tarehe ya mwisho iliyokwisha pita mwaka mmoja kabla, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Shangazi aliiona picha, akaogopa kwa niaba ya mtoto, akaisambaza. Kila unapopokea tangazo la namna hiyo, fungua tovuti ya chuo chenyewe au mwagize mwanafunzi alipige picha moja kwa moja kutoka kwenye ubao wa matangazo, karatasi nzima, kona zote nne zikionekana.

Kwa upande wa udahili, waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni, lakini ratiba ya madirisha hupangwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo pia huchapisha mwongozo wenye vigezo vya kila programu. Mwombaji aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hulazimika kuthibitisha chuo anachokitaka kwa kutumia namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake, na muda wa kufanya hivyo ni siku chache tu. Sasa fikiria kijana ambaye fomu yake ilijazwa na kaka yake aliyeko Leicester, akaandika namba ya simu ya Uingereza kwa nia njema ya kusimamia mambo. Ni heri namba itakayoandikwa iwe ya laini ya Tanzania iliyo mkononi mwa mwombaji mwenyewe, nawe ubaki mshauri. Kama mtoto wako alisoma sekondari huko nje, cheti chake kitahitaji kulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kabla ya maombi, kazi ambayo huchukua muda, hivyo ianze mara tu anapopata matokeo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ada hulipwa kwa awamu, na mwanafunzi ambaye hajakamilisha kiwango kinachotakiwa anaweza kuzuiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani, kwa hiyo tarehe ya kutuma fedha ipangwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka wiki ya mitihani. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na chuo kwa jina la mwanafunzi, na kamwe usitume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa mhasibu. Wenye mkopo wa serikali hupata fedha za kujikimu, bumu kama wanavyoliita wenyewe, nalo likichelewa, vijana waliopanga geto huko Sweya na Luchelele hupunguza milo kimya kimya bila kuwaambia wazazi. Ukisikia habari ya bumu kuchelewa, mpigie mtoto umuulize amekula nini leo.

Sasa nizungumzie saa, jambo ambalo mimi mwenyewe lilinigharimu kitu kisichoweza kurudishwa. Mdogo wangu alipohitimu, ratiba ilisema sherehe itaanza saa 4:00 asubuhi na kwamba itarushwa mubashara. Niliingiza saa hiyo kwenye kalenda ya simu kama nilivyoisoma, 4:00, nikachagua saa za Afrika Mashariki, na simu ikanikumbusha saa 2:00 usiku wa siku iliyotangulia, kwa saa za Toronto. Nilivaa kitenge tulichokubaliana familia nzima, nikakaa mezani mbele ya kompyuta. Skrini ilikuwa nyeusi. Nilidhani ni mtandao, nikazima na kuwasha, nikasubiri hadi saa 5:00 usiku, ndipo nikalala kwa kuwa zamu yangu ilianza alfajiri. Nilipoamka mambo yalikuwa yamekwisha. Nilichobaki nacho ni video fupi aliyopiga mama: mdogo wangu ana joho, shingoni ana mashada ya karatasi zinazometameta, na picha inatikisika kwa sababu aliyeishika simu anapiga vigelegele.

Kwa hiyo naomba ulishike hili vizuri. Saa iliyoandikwa kwa Kiswahili huhesabiwa tangu jua kuchomoza, na simu huhesabu tangu usiku wa manane; saa 4:00 asubuhi ya Mwanza iandike kama 10:00, na saa 8:00 mchana iandike kama 14:00. Mwanza haibadilishi saa mwaka mzima, lakini Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Kanada na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, hivyo wakati wa mahafali tofauti huwa imekwisha ongezeka. Sherehe ya saa 4:00 asubuhi Malimbe, ikiwa ni Novemba au Desemba, itakuwa 07:00 kwa aliyeko London, 02:00 kwa aliyeko Toronto, na 01:00 kwa aliyeko Minneapolis. Kama tangazo limeandikwa kwa Kiingereza, saa zake huwa tayari ni za namna ya simu, na ukiongeza tena saa sita utakuwa umejipoteza upande wa pili.

Ukiweza kufika mwenyewe, fika, kwa kuwa hakuna video inayoweza kuwa mbadala wa kumshika mkono mzazi wako siku ile. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Ulaya au Amerika hadi Mwanza. Wengi huunganisha kupitia Dar es Salaam, ambako Air Tanzania na Precision Air huendelea hadi uwanja wa Mwanza ulioko Ilemela. Uwanja huo uko kaskazini mwa jiji na Malimbe iko kusini, kwa hiyo utalivuka jiji lote, na asubuhi ya mahafali barabara ya kutoka mjini kuelekea Nyegezi hujaa magari. Lala Nyegezi, Mkolani au Buhongwa ikiwezekana, na uhifadhi chumba mapema, kwani nyumba za wageni za upande huo hujaa. Wanaotoka Kenya kwa barabara huingia kupitia Sirari na kupita Musoma. Wanaotoka Uganda kupitia Mutukula na Bukoba wana nafuu mpya: Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji ya ziwa, lilizinduliwa Juni 2025, na foleni ya kusubiri kivuko iliyokuwa ikiwakosesha watu misiba na harusi haipo tena. Kumbuka pia kwamba Tanzania bado hairuhusu uraia pacha. Ikiwa ulichukua pasipoti ya Kanada, Uingereza au Marekani, kwa kawaida utahitaji viza hata kama umezaliwa Igoma, na huombwa kwa njia ya mtandao kupitia Idara ya Uhamiaji.

Kabla ya mahafali yenyewe kuna wiki chache ambazo mhitimu huwa na shughuli nyingi, na ni hapo msaada wako wa mbali una thamani kubwa kuliko unavyodhani. Chuo hutoa orodha ya wahitimu ili kila mmoja ahakiki jina lake. Mwombe akutumie picha ya ukurasa wenye jina lake, nawe uliweke sambamba na pasipoti yake au cheti chake cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Sisi tunaoishi nje tunajua jinsi ofisi za huku zinavyokataa cheti cha "Masanja" kwa mtu ambaye pasipoti yake inasema "Massanja", na jinsi inavyochukua miezi na viapo vya wakili kurekebisha herufi moja ambayo ingerekebishwa kwa dakika tano kabla cheti hakijachapwa. Katika wiki hizo hizo mhitimu huthibitisha ushiriki wake, huchukua joho na kofia, na hupata kadi za mwaliko za wageni. Aulize mapema idadi ya kadi ni ngapi, ili ukoo ukubaliane ni nani ataingia ukumbini na nani atasubiri nje kwa heshima yake bila manung'uniko.

Matukio mengine ya mwaka hayahitaji maandalizi makubwa, ila ni vema kuyafahamu. Kuna wiki ya kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuna uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ambao huichangamsha Malimbe nzima, na kuna makongamano na mihadhara ya wazi ambayo mgeni anaweza kuhudhuria akiwa likizo. Tarehe 28 Agosti Kanisa humkumbuka Mtakatifu Augustino, somo wa chuo. Kipindi cha mitihani ya marudio, ambayo wanafunzi huiita sapu, nacho ni tukio ingawa hakuna anayelitangaza kwenye kundi la familia. Kijana akikwambia anarudi chuoni wakati wenzake wapo likizo, mpe nauli kwanza, maswali yatafuata.

Mahafali yakiisha, usikate tiketi ya kurudi ya kesho yake asubuhi. Joho lina tarehe ya kurudishwa, na mhitimu hana budi kukamilisha fomu ya klirensi inayopita maktaba, hosteli na uhasibu kabla hajakabidhiwa cheti na hati ya matokeo. Bakiza angalau siku mbili za kazi, umsindikize kwenye madirisha hayo, kisha mpite kwa wakili mjini kuthibitisha nakala tano za kila hati, na nakala mbili uondoke nazo wewe ndani ya begi la mkononi.