Kuchagua Kozi za Sayansi na Wahadhiri katika Muhula wa Kwanza wa Chuo Kikuu cha Marekani

Mwanafunzi aliyesoma tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PCB (fizikia, kemia na biolojia) nchini Tanzania, au aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nchini Kenya, amezoea kuingia darasani na kukuta ratiba imekwisha kubandikwa ukutani. Mwalimu wa kemia ni yule yule mmoja, na hakuna anayemuuliza mwanafunzi kama anamwelewa. Akipata nafasi katika chuo kikuu cha Marekani mambo hugeuka: ratiba anaipanga mwenyewe, kozi moja ya kemia huenda inafundishwa na wahadhiri watatu kwa saa tofauti, na uamuzi huo hutakiwa kufanyika wiki kadhaa kabla hajapanda ndege. Nimepita njia hiyo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia vijana wa nyumbani kupanga muhula wao wa kwanza. Nayaandika haya kwa ajili ya yule anayetaka kusoma biolojia, kemia, fizikia au uhandisi, na ambaye hana kaka wala dada aliyetangulia huko wa kumuuliza.

Jambo la kwanza ni kuutazama mnyororo mzima wa kozi kabla ya kuichagua hata moja. Kozi za sayansi hufungamana: kemia ya jumla ina sehemu mbili, ambazo humfikisha mwanafunzi kwenye kemia ogania, nayo ina sehemu mbili, na baada yake ndipo anaporuhusiwa kuingia biokemia. Huo ni mfuatano wa mihula mitano. Katika vyuo vingi, hasa vidogo, sehemu ya kwanza ya kozi hufundishwa katika muhula unaoanza Agosti tu, kwa hiyo anayeiahirisha kemia ya jumla kwa muhula mmoja huenda akajikuta ameahirisha mwaka mzima. Fungua mwongozo wa kozi katika tovuti ya chuo chako, tafuta fani unayoikusudia, kisha chora kwa mkono wako kozi ipi inatangulia ipi hadi mwaka wa nne. Utaona mara moja kwamba kozi mbili, hisabati na kemia ya jumla, ndizo zinazofungua milango mingi kuliko nyingine, na hizo ndizo zinazostahili kupewa nafasi za kwanza.

Soma pia maelezo ya kila kozi hadi mwisho, kwa sababu idara nyingi hutoa kozi mbili zenye majina yanayokaribiana: moja kwa wanaosomea sayansi, nyingine kwa wanafunzi wa historia, sanaa au biashara wanaotimiza sharti la kusoma angalau sayansi moja. Hiyo ya pili haihesabiwi katika fani ya sayansi. Hali ni hiyo hiyo kwa fizikia, ambayo hufundishwa kwa njia mbili, moja ikitumia aljebra na trigonometria, nyingine ikitumia kalkulasi, yaani hisabati ya tofautishi na unganishi. Mhandisi na mwanafizikia hawana budi kuchukua ile ya kalkulasi, ilhali wanabiolojia wengi huruhusiwa kuchukua ile ya aljebra.

Kwa anayewaza udaktari wa binadamu, niseme wazi jambo ambalo vijana wengi huambiwa wakiwa wamechelewa. Shule za udaktari za Marekani kwa kawaida hutaka mwaka mmoja wa biolojia, mwaka mmoja wa kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia, zote pamoja na maabara zake, na MCAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule hizo, tangu mwaka 2015 unapima pia biokemia, saikolojia na sosholojia. Lakini nyingi ya shule hizo hazipokei waombaji wasio raia wala wakazi wa kudumu wa Marekani. Zipitie kozi hizo ukiwa unajua ukweli huo, na uchague fani ambayo ungeipenda hata kama udaktari utausomea nchi nyingine.

Hisabati inahitaji uangalifu wa pekee. Aliyetoka PCM amekwisha kukutana na tofautishi na unganishi katika hisabati ya juu, hivyo kozi ya kwanza ya kalkulasi itakuwa kwake marudio kwa kiasi kikubwa. Aliyetoka PCB alisoma hisabati tumizi ya msingi, ile inayoitwa BAM, ambayo huzigusa mada hizo bila kuzichimba, na aliyefanya KCSE alizikuta katika kidato cha nne mwishoni kabisa, wakati wengi wanahangaika na mtihani. Vyuo vingi huwapa wanafunzi wapya mtihani wa kuwapima kiwango, mara nyingi kupitia programu ya ALEKS, na huufanyia nyumbani kwako mbele ya kompyuta. Ufanye peke yako, bila kikokotoo kisichoruhusiwa na bila rafiki pembeni. Alama ya kuazima itakuweka katika darasa ambalo wiki ya tatu litakutupa nje, na katika kozi hizi wiki tatu ni muda mrefu. Programu ikikuambia uanze na hisabati ya maandalizi kabla ya kalkulasi, usione aibu. Jifunze kwa wiki mbili kisha omba kurudia, kwa kuwa vyuo vingi huruhusu.

Kuhusu kuruka kozi kwa sababu ulifaulu vizuri kidato cha sita, peleka cheti na muhtasari wa masomo kwa ofisi ya udahili na uulize. Vyuo vingi huwapa krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada, waliofanya mitihani ya kiwango cha juu ya Cambridge, lakini kwa mitihani ya kidato cha sita ya ACSEE ya Tanzania na UACE ya Uganda kila chuo huamua chenyewe. Hata ukipewa krediti, pima kama unakumbuka mada zenyewe. Mtu aliyemaliza shule Mei na kukaa nyumbani zaidi ya mwaka akisubiri viza amesahau mengi kuliko anavyodhani, na kemia ya pili huanzia pale ya kwanza ilipoishia.

Kiasi cha kubeba

Shahada ya kwanza kwa kawaida ina krediti 120, yaani takriban 15 kwa kila muhula kwa miaka minne. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anatakiwa asipungukiwe na krediti 12 katika muhula, na katika hizo ni kozi moja tu ya mtandaoni inayoweza kuhesabiwa. Vyuo vinavyotumia mihula mifupi ya wiki kumi, kama Stanford na University of Washington, hupanga hesabu zao tofauti kidogo, na humo mtihani wa kwanza huja ungali unatafuta njia ya kwenda maktaba.

Kanuni inayotumika ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa moja ya darasani. Krediti 15 ni saa 45 kwa wiki. Ongeza maabara, ambayo aghalabu huandikwa krediti moja huku ikichukua saa tatu za alasiri nzima na ripoti ya kuandikwa usiku wake. Ongeza kazi ya chuoni, ambayo sheria ya viza huiwekea kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mimi muhula wangu wa kwanza nilichukua kemia, biolojia na fizikia kwa pamoja, zote na maabara, kwa sababu ndivyo nilivyozoea PCB nyumbani na mshauri wangu wa masomo hakunizuia. Masomo yenyewe sikuyashindwa. Kilichonishinda ni ripoti tatu kila wiki, kwa Kiingereza cha kitaaluma ambacho sikuwahi kukiandika, na alama nilizopata zilinifuata hadi mwaka wa nne kila nilipoomba ufadhili. Tangu hapo msimamo wangu haujabadilika: muhula wa kwanza chukua sayansi moja yenye maabara, au mbili kwa aliye na msingi imara sana, kozi ya hisabati, kozi ya uandishi, na kozi moja ya nje ya sayansi ambayo unaipenda kweli.

Kuna vyuo vinavyompunguzia mwanafunzi mzigo huu kwa makusudi. Katika MIT, kozi za muhula wa kwanza kabisa huandikwa kuwa umefaulu bila kutajwa herufi ya alama, na iliyokushinda haionekani kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama zako. Swarthmore nacho hakiandiki alama za muhula wa kwanza. Chuo chako kikiwa na utaratibu wa namna hiyo, utumie kujifunza namna ya kujifunza, wala usiutumie kurundika kozi.

Kumchagua mhadhiri

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, na kosa lenyewe ni lile lile: hufungua tovuti ya Rate My Professors, iliyoanza mwaka 1999, humtafuta mwenye nyota nyingi na maneno “anatoa alama nzuri”, na uamuzi unakwisha hapo. Maoni yale yana faida yake nikiyasoma kwa jicho la kuchagua. Hupuuza hasira na sifa, nikatafuta mambo yanayorudiwa na watu wengi: kwamba mitihani inafanana na mazoezi ya nyumbani, kwamba mhadhiri hujibu barua pepe, kwamba huandika ubaoni haraka mno au hasikiki.

Lakini umaarufu wa mhadhiri si kipimo cha utakachobaki nacho. Mwaka 2010 Scott Carrell na James West walichapisha utafiti kutoka chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, ambako wanafunzi hugawiwa wahadhiri bila kuchagua na wote hufanya mtihani mmoja. Waligundua kwamba katika kalkulasi ya mwanzo, wahadhiri wasio na uzoefu mkubwa ndio ambao wanafunzi wao walipata alama za juu katika kozi ile na kuwasifia zaidi, ilhali wanafunzi wa wahadhiri wazoefu walifanya vizuri zaidi katika kozi zilizofuata. Ukikumbuka ule mnyororo niliokuambia uuchore, utaona kwa nini jambo hili ni zito: kemia ya jumla unaisoma kwa ajili ya kemia ogania.

Cha kutazama, basi, ni namna anavyofundisha. Uchambuzi wa tafiti 225 uliochapishwa mwaka 2014 na Scott Freeman na wenzake ulionyesha kwamba katika madarasa ya sayansi, uhandisi na hisabati yanayoendeshwa kwa mihadhara mitupu wanafunzi hushindwa kwa wastani wa asilimia 33.8, na yale yanayowashughulisha wanafunzi kwa maswali na kazi za vikundi ni asilimia 21.8. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo unaweza kuibaini kabla ya kujisajili kwa kusoma muhtasari wa kozi wa mwaka uliopita, ambao mara nyingi uko kwenye tovuti ya idara. Ukiusoma, angalia alama zimegawanywaje. Kozi yenye mitihani miwili mikubwa inayobeba karibu alama zote ni hatari kwa mgeni ambaye bado hajajua maswali ya huko yanaulizwaje; kozi yenye majaribio madogo ya kila wiki, mazoezi yanayosahihishwa na mitihani mitatu au minne humpa nafasi ya kujirekebisha. Angalia pia kama alama hutolewa kwa kiwango kilichowekwa tangu mwanzo au kwa kuwalinganisha wanafunzi, kwa maana utaratibu wa pili huwafanya watu kuogopa kusaidiana.

Cheo kisikutishe wala kisikuvutie. Mtafiti mashuhuri anaweza kuwa mwalimu bora au asiwe, na mara nyingi mhadhiri aliyeajiriwa kwa ajili ya kufundisha tu ndiye anayeijua kozi ya mwaka wa kwanza kuliko mtu yeyote katika idara. Katika chuo kikubwa, ambako ukumbi mmoja huchukua wanafunzi mia tatu, utakayemwona kwa karibu ni msaidizi wa ufundishaji anayeongoza kikundi chako cha mazoezi na maabara, na huyo kwa kawaida ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu. Kwa hiyo usitoe kafara kila kitu kwa ajili ya mhadhiri mmoja. Mhadhiri wa wastani ambaye saa zake za kuonana na wanafunzi hazigongani na ratiba yako atakufaa kuliko hodari usiyeweza kumfikia. Saa hizo zimewekwa kwa ajili yako. Kwetu mwanafunzi huitwa ofisini kwa mwalimu akiwa amekosa, na dhana hiyo imewanyima wengi wetu msaada uliokuwa mlango wa pili tu.

Siku ya kujisajili

Dirisha likifunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za New York mwezi Julai, Dar es Salaam na Nairobi ni saa tisa alasiri. Hakikisha siku chache kabla kwamba akaunti yako haijazuiwa kwa sababu ya rekodi ya chanjo au malipo ya awali, na andaa ratiba mbili za akiba. Darasa likijaa, jiandikishe katika orodha ya wanaosubiri, kisha mwandikie mhadhiri barua fupi ukimwita Profesa na jina lake la ukoo, ukieleza fani yako na kwa nini kozi hiyo inakuhusu. Nafasi nyingi hufunguka wiki ya kwanza.

Vitabu usinunue kabla ya kusikia mhadhiri atakitumia kipi na toleo gani. Vitabu vya OpenStax vya Rice University vya kemia, biolojia, fizikia na kalkulasi hupakuliwa bure, na ukivianza ukiwa bado nyumbani utazoea istilahi.

Wiki ya kwanza hudhuria madarasa mawili ya kozi ile ile ikiwa bado unasitasita, kwa kuwa vyuo huacha muda, aghalabu wiki moja au mbili, wa kuongeza na kuacha kozi bila alama yoyote kubaki. Ukipita muda huo, kuacha kozi huacha herufi W kwenye transkripti hadi tarehe ya mwisho iliyotangazwa. Herufi hiyo moja ni nafuu kuliko kufeli, lakini kabla ya kubofya, hesabu krediti zitakazobaki, na zikishuka chini ya 12 nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa upate kibali cha maandishi, kwani mhadhiri na mshauri wa masomo hawana mamlaka juu ya viza yako.