Kupanga kozi za muhula wa kwanza katika chuo cha Marekani: anza na mnyororo mrefu

Mwanafunzi mpya akija kwenye meza yangu ya ushauri wa masomo, mara nyingi huwa ameshachagua. Ana karatasi yenye kozi tano. Mbili ameambiwa na binamu yake kwamba ni rahisi, moja inaanza saa nane mchana ili asiamke mapema, moja jina lake limempendeza, na ya tano ni ya kujazia tu. Namuuliza anataka kuhitimu fani gani. "Uhandisi wa umeme." Naitazama tena ile karatasi, hesabu haimo.

Simlaumu. Aliyesoma Tanzania au Kenya amezoea kuingia chuo kikuu akiwa ameshapangiwa: programu yako ni hii, kozi za mwaka wa kwanza ni hizi, ratiba imebandikwa ukutani. Marekani unakabidhiwa masharti, halafu unaachiwa upange mwenyewe. Huu ndio utaratibu ninaoufuata nikikaa na mtu kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Soma masharti yako, si ya rafiki yako

Shahada ya kwanza katika vyuo vingi vya Marekani ina krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa kozi. Zigawe katika vikapu vitatu: elimu ya jumla, ambayo kila mwanafunzi lazima aisome hata kama fani yake ni nyingine kabisa, fani kuu, na kozi za hiari. Kikapu cha elimu ya jumla ndicho kinachowashangaza watu wetu. Mtu amekuja kusoma kompyuta, anaambiwa asome historia, sanaa na uandishi.

Ukubwa wa kikapu hicho unategemea chuo. Vyuo vya umma vya Texas vinadai krediti 42, na ndani yake 6 ni historia ya Marekani na 6 ni serikali na siasa za huko. Columbia College ina kozi za msingi ambazo wanafunzi wote huzipitia, na moja kati yake imekuwapo tangu 1919. Brown, kwa upande mwingine, haina kikapu hicho kabisa. Kwa hiyo ushauri wa dada yako aliyesoma jimbo lingine usikilize kwa heshima, kisha uweke pembeni.

Fungua katalogi ya chuo, yaani kitabu cha kozi na masharti yake, ya mwaka ule ule unaoingia. Masharti ya mwaka wako wa kuingia ndiyo yanayokufunga mpaka uhitimu, hata chuo kikibadilisha mambo baadaye. Chapisha kurasa mbili: orodha ya makundi ya elimu ya jumla, na mpango wa miaka minne wa fani yako. Hizo ndizo tutakazozifanyia kazi.

Hatua ya 2: Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza mwaka mzima bila kujua.

Kozi nyingi za sayansi, uhandisi na biashara zina sharti la awali: huwezi kusoma B kabla ya kufaulu A. Chukua kalamu na mpango wa fani yako. Anza na kozi ya mwaka wa mwisho, uliza inadai nini, chora mshale kurudi nyuma, uliza tena, mpaka ufike kwenye kozi isiyodai kitu. Mtu anayelenga udaktari au baiolojia atakuta kemia ya jumla ya kwanza, kemia ya jumla ya pili, kemia ogania ya kwanza, ya pili, halafu baiokemia. Hiyo ni mihula mitano mfululizo, na hata pete moja haiwezi kurukwa. Mhandisi atakuta kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo ya tofauti, huku fizikia nayo ikisubiri kalkulasi ya kwanza.

Sasa angalia jambo lingine: kozi inatolewa lini? Baadhi hufundishwa muhula wa Agosti peke yake. Ukiikosa pete ya kwanza mwezi huo, hungoji muhula mmoja, unangoja miezi kumi na miwili, na kila kilichofungwa nyuma yake kinangoja pamoja nawe. Historia unaweza kuisoma mwaka wa tatu na hakuna atakayekuuliza. Kemia haisubiri.

Kwa hiyo kozi ya kwanza kabisa kuandika kwenye karatasi yako ni pete ya kwanza ya mnyororo mrefu. Ya pili ni pete ya kwanza ya mnyororo unaofuata kwa urefu. Zilizobaki ndizo za kujadili.

Kama bado hujaamua fani, usiogope, wengi wako hivyo. Chukua hesabu ya kiwango chako, chukua kozi ya uandishi, kisha chagua mbili ambazo ni milango ya fani unazozifikiria: utangulizi wa uchumi, utangulizi wa saikolojia, utangulizi wa programu za kompyuta. Ukibadilisha mawazo, aghalabu bado zitaingia kwenye kikapu fulani.

Hatua ya 3: Jua unaanzia wapi kwenye hesabu, na una krediti gani tayari

Vyuo vingi vina jaribio la kukupangia kiwango cha hesabu, mara nyingi la mtandaoni, kabla ya usajili. Watu hulifanya usiku wa manane huku wakichati, kisha wanapangiwa aljebra waliyoimaliza kidato cha nne. Kwa mhandisi huo ni muhula mzima umepotea kwenye mnyororo. Pitia tena aljebra na trigonometria kwa wiki moja kabla, ukae mezani ukiwa umelala vizuri.

Vyeti vyako vya kidato cha sita navyo uvipeleke. Vyuo vingi hutoa krediti kwa A-Level ya Cambridge ukiwa na alama nzuri. Kwa cheti cha NECTA kila chuo kina uamuzi wake, kwa hiyo omba tathmini kwa maandishi. Fanya hivyo kabla ya kujisajili, usije ukalipia kemia ambayo ungeweza kusamehewa.

Na lugha. Shahada nyingi za sanaa zinadai lugha ya kigeni mihula miwili hadi minne. Uliza kama kuna mtihani wa kuthibitisha Kiswahili chako, au kama masomo yako ya sekondari yanatosha kukuondolea sharti hilo. Ila usijisajili Kiswahili cha wanaoanza ili kuvuna A ya bure. Walimu wengi hawamkubali mzawa wa lugha, na hata akikubaliwa, atamaliza muhula akiwasahihishia wenzake ngeli.

Hatua ya 4: Kozi moja ilipe madeni mawili

Sasa rudi kwenye orodha ya makundi ya elimu ya jumla. Kila kundi litafutie kozi ambayo fani yako inaidai hata hivyo. Mwanafunzi wa biashara anatakiwa asome utangulizi wa uchumi, na kozi hiyo hiyo kwa kawaida inahesabiwa kwenye kundi la sayansi ya jamii. Anayesoma uuguzi au saikolojia atadaiwa takwimu, nayo mara nyingi inalipa kundi la hesabu.

Kosa ninaloliona zaidi ni la mhandisi anayesoma aljebra ya chuo "kwa ajili ya elimu ya jumla", halafu anasoma kalkulasi kwa ajili ya fani. Kalkulasi ingelilipa kundi lile peke yake. Kosa la pili ni kinyume chake: mtu wa fasihi anajitesa na kalkulasi wakati fani yake ingeridhika na takwimu.

Mimi mwenyewe niliumia mahali pengine. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma kozi moja ya historia ya Afrika, nikiwa na hakika kwamba italipa kundi la tamaduni za dunia. Ingekosaje? Nilipata A. Muhula wa mwisho, nikiwa nimeshaazima joho, mfumo wa ukaguzi wa shahada ukaonyesha kundi lile bado liko wazi, jekundu. Kozi yangu haikuwa na ile herufi ndogo pembeni ya jina, herufi inayosema inahesabiwa kundi gani. Jina la kozi halihesabiwi, kinachohesabiwa ni ile alama kwenye katalogi. Nikasoma nyingine wakati wa kiangazi, kwa pesa yangu.

Hatua ya 5: Pima mzigo

Kanuni inayotumika ni kwamba krediti moja ni saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki. Krediti 15 ni saa 45 kwa wiki, yaani kazi ya ajira kamili. Krediti 120 ukizigawa kwa mihula minane zinakuja 15, ndiyo maana kila mtu anaitaja namba hiyo.

Ukiwa na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, sakafu yako ni krediti 12 kwa muhula, na katika hizo ni kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, inayohesabiwa. Kushuka chini ya 12 bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ni kupoteza hadhi yako ya viza. Kwa sababu hiyo sipendi kumpangia mgeni 12 kamili. Akizidiwa na kozi moja hana pa kushukia. Mpe 15, abaki na nafasi ya kuacha moja ya krediti 3 akiwa salama. Wala sipendi 18 muhula wa kwanza, hata pale ada inapokuwa ile ile. Na kwa kawaida huku hakuna sapu, yaani mtihani wa marudio: ukifeli, unairudia kozi yote na kuilipia upya.

Changanya aina za kazi pia. Kozi mbili zenye maabara zinatosha. Kozi tatu za insha ndefu katika muhula mmoja zitakuletea Novemba ngumu.

Mfano wa karatasi iliyokamilika

Turudi kwa yule wa uhandisi wa umeme, tuseme yuko chuo cha umma Texas. Vyuo vingi huko vinatumia namba za pamoja zenye tarakimu nne: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni krediti. Ukiona MATH 2413 unajua ni kozi ya ngazi ya mwaka wa pili yenye krediti 4, na hiyo ndiyo kalkulasi ya kwanza. Usitishwe na ile 2, ukiwa umepangiwa kiwango hicho unaingia.

Tuliandika MATH 2413, kwa sababu ndiyo pete ya kwanza. Kisha CHEM 1411, kemia pamoja na maabara, krediti 4. Kisha ENGL 1301, uandishi, 3, maana kila kozi itakayomdai ripoti itamkuta ameshajifunza kunukuu vyanzo. Kisha HIST 1301, historia ya Marekani, 3. Mwisho semina ya wanafunzi wapya, krediti 1. Jumla 15. Kozi nne kati ya hizo tano zinalipa elimu ya jumla, na mbili kati ya hizo nne zinalipa uhandisi pia. Ile kozi ya saa nane mchana ilibaki: ni ule mkondo wa historia, yaani darasa la kozi hiyo lenye saa yake.

Hatua ya 6: Siku ya usajili

Wiki mbili kabla, ingia kwenye akaunti yako uangalie kama una kizuizi kinachokuzuia kujisajili. Ada, fomu isiyosainiwa na cheti cha chanjo ndivyo visababishi vya kawaida. Texas mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22 anatakiwa kuonyesha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na kizuizi hicho hakiondoki kwa kubembeleza.

Kwa kila kozi andika mikondo mitatu, na namba ya kila mkondo, kwenye karatasi. Angalia pia majengo: mikondo miwili iliyotenganishwa na dakika kumi, moja kaskazini mwa kampasi na nyingine kusini, itakufanya mchelewaji wa kudumu. Kama bado uko nyumbani, geuza saa. Usajili ukifunguliwa saa mbili asubuhi Houston mwezi Julai, Dar es Salaam ni saa kumi jioni.

Dirisha likifunguka, ingiza kwanza pete za mnyororo, mwisho zile za elimu ya jumla zenye mikondo mingi. Mkondo ukijaa, jiweke kwenye orodha ya kusubiri na wakati huo huo chukua mkondo wako wa akiba, kama mfumo unaruhusu. Wiki ya kwanza watu wengi huhama, nafasi hufunguka.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza ya masomo

Hudhuria kila darasa, soma silabasi siku hiyo hiyo, hesabu mitihani na insha. Weka tarehe mbili kwenye simu: ya mwisho ya kuacha kozi bila alama yoyote kubaki kwenye rekodi, na ya mwisho ya kujitoa kwa W, alama inayoonyesha kwamba ulijitoa. Hiyo W haigusi GPA, yaani wastani wa alama zako, lakini inaonekana, na kwa mwenye F-1 kujitoa huko kunaweza kumshusha chini ya 12, kwa hiyo pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Kila silabasi ihifadhi kwenye faili moja. Ukija kuhamia chuo kingine, ndiyo watakayoiomba kabla ya kuikubali kozi yako.